Mbwa wa ghorofa ya nne: mlangoni, mezani, mkutanoni au mahakamani?

Ugomvi wa wanyama katika majengo ya fleti huanza kwa namna mbili. Mtu anaamshwa na mbwa saa kumi na moja alfajiri, siku ya tatu mfululizo, anatoka kwenye korido na kandambili mguuni na maneno makali mdomoni. Au mtu anafungua bahasha ya kamati na kukuta amepewa siku 14 za kumwondoa paka aliyeishi naye miaka sita. Wote wawili wana swali moja: nianzie wapi?

Nimekaa upande huu na upande ule. Niliwahi kufuga paka katika jengo ambalo kanuni zake zilikataza paka, na baadaye nikachaguliwa katibu wa kamati ya wamiliki katika jengo jingine, kazi ambayo nusu yake ni kusoma malalamiko yaliyoandikwa usiku wa manane. Mara nyingi niliowaona wakishindwa walikuwa na haki yao kabisa. Walichokosea ni kushika njia isiyofika walikotaka kwenda. Anayetaka usingizi akaenda kubadilisha kanuni, atakesha mwaka mzima. Anayetaka kanuni ibatilishwe akaenda kumbembeleza jirani, atapata tabasamu, kisha barua nyingine ya kamati.

Njia ziko nne: kuzungumza mlangoni, kukaa mezani na msuluhishi, kupeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa wamiliki, na kwenda kwenye baraza la kuamua migogoro au mahakama. Ya tano, kuhama, ipo siku zote na haihitaji makala.

Vigezo vitano

Nitazipima zote kwa mambo yale yale. Muda: lini utalala tena, au lini utaacha kuogopa bahasha. Gharama: fedha, na pia jioni zitakazopotea. Ushahidi: utatakiwa kuonyesha nini, na kwa nani. Nguvu: matokeo yanamfunga nani, na mpaka lini. Na ujirani: mtatazamana vipi kwenye lifti baada ya hapo. Hiki cha mwisho hudharauliwa mwanzoni, lakini ndicho kinachodumu kuliko vingine, maana mkopo wa nyumba hauishi kwa sababu mmegombana.

Kabla ya yote, karatasi

Kanuni za jengo zina ngazi kama jengo lenyewe. Juu kabisa kuna sheria ya nchi. Chini yake kuna hati iliyosajiliwa jengo lilipogawanywa kuwa fleti za wamiliki mbalimbali. Zinafuata kanuni zilizopitishwa na mkutano wa wamiliki, na mwisho masharti ya kamati, yale yanayobandikwa kwenye mlango wa lifti. La chini haliwezi kushinda la juu. Nimeona watu wakihangaika na tangazo la kwenye lifti ambalo halikuwa na mizizi popote, na wengine wakilipuuza tangazo ambalo mizizi yake ilikuwa kwenye hati waliyotia saini wao wenyewe siku ya kununua.

Ngazi ya juu hutofautiana sana. Ufaransa, sheria ya tarehe 9 Julai 1970 inabatilisha kifungu chochote kinachomkataza mtu kuwa na mnyama wa nyumbani katika makazi yake, mradi mnyama huyo haharibu wala hasumbui wakazi wengine. Italia ilirekebisha sheria ya majengo ya pamoja, na tangu Juni 2013 kanuni za jengo haziwezi kukataza mnyama wa nyumbani. Katika jimbo la California, Marekani, hati za jengo zilizoandikwa au kurekebishwa kuanzia 1 Januari 2001 haziwezi kumnyima mmiliki angalau mnyama mmoja, ingawa zinaweza kumwekea masharti ya busara.

Lakini vuka bahari uone. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya wanandoa waliohamia na mbwa wao kwenye fleti ya London. Mkataba wao wa umiliki ulidai kibali cha maandishi, na kampuni inayosimamia jengo, ambayo ni ya wamiliki wenyewe, ilikataa kukitoa. Wanandoa hao walisema mbwa aliwasaidia kiafya, lakini hawakuleta uthibitisho wa daktari. Walishindwa. Kanada nako, katika jimbo la Ontario, sheria ya upangaji inafuta kifungu cha “hakuna wanyama” kwenye mkataba wa mpangaji, ila marufuku iliyomo kwenye hati ya jengo la wamiliki wa pamoja inabaki na nguvu zake. Mpangaji aliyesoma sheria moja akaiacha ya pili ameshanaswa.

Mbwa anayemwongoza asiyeona, au mnyama anayemsaidia mtu mwenye ulemavu, yuko kwenye fungu lake. Marekani, sheria inayokataza ubaguzi katika makazi haimhesabu mnyama huyo kuwa kipenzi, na kanuni ya kukataza vipenzi haimgusi. Nchi nyingine nyingi zina ulinzi unaofanana na huo. Kama hali yako ni hii, itaje mapema na kwa maandishi, pamoja na barua ya anayekutibu. Wale wa London wangekuwa na barua hiyo, pengine hadithi ingekuwa nyingine.

Ukishajua uko ngazi ipi, chagua njia.

Mlangoni

Jambo ambalo mlalamikaji haliamini mpaka alione: mwenye mbwa mara nyingi hajawahi kusikia kelele anazoambiwa. Mbwa wake halii akiwepo. Analia akiondoka. Jioni anarudi, mkia unatikisika, nyumba iko shwari, halafu jirani anagonga akisema mbwa amebweka saa nne mfululizo. Lazima ionekane ni chuki tu. Kwa hiyo ushahidi wa mlangoni hauhitaji wakili: mwombe aache simu ikirekodi sauti siku moja atakapotoka. Wengi hurudi wakiwa wameishiwa maneno.

Rekodi hiyo pia inaeleza dawa. Mbwa anayeanza kulia muda mfupi baada ya mlango kufungwa, na kuendelea, huyo anateswa na upweke. Anahitaji matembezi marefu asubuhi, mazoea ya kuachwa kidogo kidogo, au mtu wa kushinda naye. Anayebweka kila lifti inapofunguka analinda, na huyo hutulia akihamishiwa chumba cha mbali na korido, redio ikiwashwa. Kucha na mpira juu ya dari ya mtu hutibiwa na zulia. Mchanga wa paka usimwagwe chooni, kwani aina nyingi huvimba ukilowa na kuziba bomba linalotumiwa na ghorofa zote. Ugomvi mwingine unaoitwa wa paka ni wa bomba.

Muda ni siku chache. Gharama ni zulia na fedheha kidogo. Ujirani, mkianza vizuri, unaweza kutoka hapo ukiwa imara kuliko ulivyoingia. Udhaifu uko kwenye nguvu: makubaliano yanawahusu nyinyi wawili tu, na jirani akiuza fleti yanaondoka naye. Hayaifungi kamati pia. Kama kanuni inakataza mbwa, ridhaa ya jirani wa chini haimhalalishi mbwa. Mkikubaliana, tuma ujumbe mfupi usiku huo huo: “Asante jirani, tumekubaliana mbwa hataachwa balkoni mchana, nami nitakupigia simu wewe kwanza kabla ya kuiandikia kamati.” Ujumbe wa mistari miwili una faida nyingi itakapopita miezi sita.

Njia hii inamfaa mwenye tatizo la usumbufu, aliyewahi hata mara moja kusalimiana na mwenzake. Haimfai anayemwogopa jirani, wala waliokwisha kutukanana. Na anayegonga akumbuke kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kelele unazozisikia wewe kama nyundo, yeye anaziona unyoya, mpaka azibebe mwenyewe.

Mezani, na msuluhishi

Msuluhishi ni mtu wa tatu asiye na fleti wala deni ndani ya jengo. Mwenyekiti wa kamati hawezi kuwa msuluhishi, hata awe mpole namna gani, kwa sababu kesho ndiye atakayetia saini barua ya faini. Msuluhishi haamui. Kazi yake ni kuwafanya mseme mnachokitaka badala ya mnachokilaani, na kukiandika.

Kwa muda, kikao chenyewe huwa cha saa chache, ingawa kupata tarehe huweza kuchukua wiki. Kwa gharama, mahali kwingi kuna huduma za umma zisizo ghali. Singapore ina kituo cha usuluhishi wa jamii tangu 1998, na migogoro ya majirani ni riziki yake ya kila siku. Ushahidi unaohitajika ni mwepesi kuliko wa mahakamani, lakini nenda na shajara: tarehe, saa kelele zilipoanza, saa zilipoisha. Mtu asemaye “kila siku, saa zote” hupoteza imani ya waliokaa mezani, hata kama anasema kweli.

Jambo moja linaloipendelea meza: katika mifumo mingi yanayosemwa humo ni siri, hayawezi kugeuzwa ushahidi baadaye. Hapo ndipo mwenye mbwa huweza kukiri, “Ndiyo, nimeshindwa kumfundisha,” bila hofu. Mlangoni asingelisema hilo, na mahakamani wakili angemziba mdomo.

Kuhusu nguvu, makubaliano yaliyotiwa saini ni mkataba, na kwingine baraza linaweza kuyageuza amri. Lakini msuluhishi hawezi kumlazimisha mtu kuja, na hawezi kugusa kanuni. Swali likiwa “kanuni hii ni halali?”, meza haina jibu. Likiwa “tutaishije na mbwa huyu na zamu zangu za usiku?”, sijaona mahali pazuri zaidi. Ujirani hapa hautakuwa urafiki, ila mtasalimiana.

Tena, kwingine si hiari. Katika jimbo la New South Wales, Australia, migogoro mingi ya majengo ya fleti haipokelewi na baraza mpaka wahusika wajaribu usuluhishi kwanza. Ukiruka meza unaweza kurudishwa kwenye meza hiyo hiyo, miezi kadhaa baadaye, ukiwa umeshalipa ada.

Mkutanoni

Hapa ndipo panapopikwa kanuni, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu wengi huingia wakidhani ni hesabu ya vichwa.

Kura za wamiliki mara nyingi huhesabiwa kwa hisa au ukubwa wa fleti. Mwenye fleti kubwa za juu anaweza kuwashinda watu wanne wa chini. Wamiliki wasioishi ndani, waliopangisha, hawamsikii mbwa wala hawampendi paka; wanachowaza ni kama kanuni itawapunguzia wapangaji au kuwaongezea. Ndio wenye kura zilizolala, na hati za kuwawakilisha ndizo huamua mkutano kabla haujaanza. Anza kwao. Angalia pia nani ana malimbikizo ya ada ya huduma, kwani katika mifumo mingi mwenye deni hupoteza haki ya kupiga kura, na itauma sana iwapo mwenye deni ni wewe mleta hoja.

Kisha akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji, taarifa ya mkutano iliyotolewa siku za kutosha, na wingi unaohitajika. Kubadilisha kanuni kwa kawaida kunadai zaidi ya nusu ya kura. New South Wales, kwa mfano, hoja ya namna hiyo huanguka ikipingwa na zaidi ya asilimia 25 ya thamani ya kura zilizopigwa. Kubadilisha hati iliyosajiliwa ni kazi ngumu zaidi, na kwingine hudai karibu wote wakubali.

Kanuni yenyewe huja kwa sura tatu. Marufuku kabisa ni rahisi kuisoma na rahisi kuisimamia. Inawafaa wenye mzio mkali na wanaoogopa wanyama, lakini inamtia kapu moja samaki wa kwenye tangi na mbwa wa kuuma, na katika baadhi ya nchi nilizozitaja itaanguka. Kibali kwa maombi kinampa kila mnyama nafasi ya kutazamwa peke yake. Ubaya wake ni kuwapa watu watano wa kamati rungu, na wakimkubalia rafiki yao mbwa wakamkatalia mgeni, jengo zima litajua kabla ya jioni. Ruhusa yenye masharti humtegemea mwenye mnyama kujidhibiti, na inahitaji mtu mvumilivu wa kufuatilia masharti hayo mwaka baada ya mwaka. Kamati hubadilika, uvumilivu nao.

Ukiandika masharti, pima tabia. Kikomo cha kilo 10 huonekana cha busara mpaka uishi karibu na mbwa wa kilo sita mwenye wasiwasi, huku mbwa wa mbio aina ya Greyhound, wa kilo thelathini, akilala mchana kutwa kama mto wa kochi. Na kanuni nyingi hutaja mbwa na paka tu. Kasuku mkubwa akianza kupiga kelele alfajiri, kamati hufungua daftari na kukuta kwamba kisheria hayupo. Masharti yanayoshikika ni yale yanayoonekana kwa macho: mnyama afungwe kamba au abebwe kwenye lifti na korido, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiletwe kila kinapoisha, kinyesi kiokotwe papo hapo, balkoni isiwe banda, mwenye mnyama alipe uharibifu wa sehemu za pamoja. Ongeza na kipengele cha waliopo: mnyama aliyekuwepo kanuni ilipopitishwa aachwe mpaka mwisho wa maisha yake, asirithiwe na mwingine. Kipengele hicho kimoja hupunguza kura za hapana kuliko hotuba yoyote.

Muda: miezi, na mkutano ukikosa akidi, mwaka. Jengo langu la kwanza lilichukua mikutano miwili ya kila mwaka kuhalalisha paka, na muda wote huo wangu alikuwa anakaa dirishani akitazamwa na kila mtu aliyeingia getini. Gharama ya fedha ni ndogo. Ya jioni ni kubwa, kwa sababu utagonga milango mingi. Ushahidi ni wa namna yake: idadi ya malalamiko, ankara za matengenezo, mfano wa kanuni kutoka jengo jirani. Nguvu yake ndani ya jengo haina mfano, kwani inamfunga mnunuzi ajaye na mpangaji wake. Ujirani unategemea mwenyekiti. Mkutano mmoja mbaya hugawa jengo kambi mbili, na kambi hizo zitapiga kura hivyo hivyo hata kwenye rangi ya geti.

Anayeshindwa kura aangalie saa. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilisema uamuzi wa wingi wa wamiliki wa kukataza mbwa unawafunga wote iwapo hakuna aliyeupinga ndani ya muda wa kisheria, na muda huo kule ni mwezi mmoja. Waliokaa kimya wakisubiri hasira zipoe waliupoteza.

Na kumbuka kwamba kanuni mpya haimnyamazishi mbwa usiku wa leo.

Barazani na mahakamani

Kesi mbili zinaonyesha uzuri na ubaya wa njia hii.

California, 1994. Mmiliki alikuwa na paka watatu wasiotoka ndani, wasiosikika. Hati ya jengo ilikataza paka na mbwa, na jumuiya ya wamiliki ikawa inampiga faini. Mahakama ya juu ya jimbo ilisema kizuizi kilichosajiliwa kinachukuliwa kuwa cha busara, na kipimo ni jengo zima, wala si kama paka hawa watatu wanamkera mtu. Alishindwa. Bunge la jimbo lilikuja kuleta ile sheria ya mnyama mmoja iliyoanza 2001, ila kesi yenyewe ilikuwa imekwisha zamani.

Sydney, 2020. Mwenye mbwa mdogo katika jengo la ghorofa 43 alipinga marufuku ya wanyama wote. Baraza lilimpa ushindi. Jopo la rufaa likamnyang'anya. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Rufani ya New South Wales ikamrudishia, ikisema kanuni inayomkataza mnyama bila kujali kama anamsumbua mtu yeyote ni ya kikandamizaji. Mwaka uliofuata, Agosti 2021, sheria ya jimbo ilibadilishwa: jengo haliwezi kumkataza mnyama bila sababu ya maana. Sababu zilizotajwa zinafaa kusomwa na mlalamikaji yeyote kama orodha ya ushahidi: kelele zinazorudiwa, kukimbilia au kushambulia watu na wanyama wengine, harufu inayowafikia wengine, kuharibu sehemu za pamoja, kuhatarisha afya.

Kesi ya mambo yale yale, jibu tofauti, na ile ya Sydney iligeuzwa mara mbili ndani ya jimbo moja. Basi usihesabu ushindi kwa kusikia kwamba fulani alishinda.

Muda ni miaka ikiwa kuna rufaa. Gharama zina kichekesho kichungu: mara nyingi jumuiya hulipa wakili wake kutoka ada ya huduma, yaani unamlipa wako, na unachangia wa adui yako. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ushahidi lazima uwe wa kudumu: shajara, rekodi za sauti zenye tarehe, barua, kumbukumbu za mikutano, ripoti ya daktari wa wanyama. Mwenye mnyama atafute jambo moja hasa: je, kamati imewavumilia wengine? Ikiwa paka wa ghorofa ya pili ameonekana dirishani miaka mitano bila barua, kamati itabanwa kueleza kwa nini wako ameandikiwa ndani ya wiki mbili. Ukimya una bei kwa wasimamizi pia. Jiji la New York lina sheria tangu 1983 kwamba mpangaji akimfuga mnyama waziwazi kwa miezi mitatu na mwenye jengo, akijua, asifungue kesi, kifungu cha kukataza wanyama kinapoteza nguvu dhidi ya mnyama huyo.

Nguvu ya hukumu haina mpinzani. Inafuta kanuni, inaamuru fidia, inaweka zuio. Ujirani, sahau. Inamfaa mwenye swali la sheria, aliyejaribu mengine, mwenye akiba, na ambaye hatavunjika moyo akishindwa. Kamati pia huhitaji njia hii, hasa ikiwa mmiliki mmoja amekataa kila meza huku mbwa wake akiwatisha watoto kwenye ngazi.

Hali kwa hali

Unasumbuliwa na kelele, na kanuni zinaruhusu wanyama: mlangoni, halafu mezani. Anza shajara leo, hata kabla ya kugonga, maana huwezi kuiandika kwa kurudi nyuma.

Umepokea barua ya siku 14: usimfiche paka kwa shangazi kisha ukaandika kwamba hujawahi kuwa naye. Jibu kwa maandishi kabla siku hazijaisha. Omba namba ya kanuni, tarehe ilipopitishwa na kumbukumbu za mkutano uliopitisha. Inashangaza mara ngapi kumbukumbu hizo hazipatikani. Zikipatikana na ziko sawa, omba muda na upeleke hoja mkutanoni. Kanuni yenyewe ikiwa imekiuka sheria ya nchi, hapo wakili wa saa moja ni nafuu kuliko kuhama.

Una mzio au pumu: meza inakufaa kuliko amri. Chembe zinazochochea mzio wa paka ni nyepesi, huelea, hushika nguo na mazulia, na zinaweza kubaki miezi baada ya paka kuondoka. Kumwondoa mnyama hakukupi pumzi kesho. Uliza kwanza kuhusu mfumo wa hewa unaoziunganisha fleti, zulia la korido, na kama kuna lifti ambayo wanyama wanaweza kutoingia.

Wewe ni mpangaji: huna kura, na faini huenda kwa mwenye fleti kabla ya kukufikia. Mkataba wako unaosema “mbwa anaruhusiwa” hauna maana ikiwa kanuni za jengo zinasema hapana. Mwambie mwenye fleti akuonyeshe kanuni zenyewe, akitaka uhamie na mbwa basi aandike.

Unanunua na una mnyama: omba hati iliyosajiliwa, kanuni zote, na kumbukumbu za mikutano ya miaka mitatu iliyopita. Kanuni zitakuambia kinachoruhusiwa. Kumbukumbu zitakuambia nani anagombana na nani. Kauli ya dalali kwamba “hapa kila mtu ana mbwa” iombe kwa barua ya kamati.

Uko kwenye kamati: usitume barua ya faini kabla mmoja wenu hajapanda ngazi kuzungumza. Na mkituma, tumeni kwa wote wenye kosa hilo siku moja.

Mbwa ameuma mtu: njia zote nne zisubiri. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, majeruhi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mamlaka ya mifugo ipewe taarifa, na mbwa afungiwe mahali anapoweza kuangaliwa na daktari wa wanyama, hata kama mwenyewe anaapa kwamba amechanjwa. Barua kwa kamati andika kesho yake.